Elia Apimwe Kwanza

Winfrida alimuua mwanasesere siku ya mtihani wa vitendo, mbele ya walimu na darasa zima. Mwanasesere mwenyewe alikuwa wa heshima, kaletwa kutoka nje, ana mapafu ya mpira yanayopanda na kushuka na mshipa mkononi unaoingia sindano. Kosa lilikuwa maji. Ile dawa ya kuamsha moyo, kwa mtoto, haiingii kama ilivyo kwenye kichupa. Inazimuliwa kwanza, fungu moja la dawa kwa mafungu tisa ya maji, ndipo inapimwa. Winfrida alikumbuka dawa, akakumbuka mshipa, akakumbuka hata kumwita mgonjwa jina kwa upole. Maji akayasahau. Dozi mara kumi ikaingia kwenye mkono wa plastiki.

Mwalimu Evance hakugomba. Alivuta shuka taratibu akamfunika mwanasesere uso, kisha akauliza nani atakwenda kumwambia mama yake. Darasa likacheka, na Winfrida naye akacheka, maana ukimlilia mwanasesere mbele ya wenzako utaitwa mama mfiwa mpaka umalize chuo.

Kilichomuuma zaidi aliambiwa ofisini. Maji ni kusahau, mwalimu alisema, na kusahau kunatibika. Lakini hata angetia maji, dozi ingekuwa ya mtoto mwingine, kwa sababu uzito alioukisia haukuwa wa yule mwanasesere hata kidogo. Kwenye gari la wagonjwa hakuna mizani. Unafika nyumba ya watu, mtoto yuko mikononi mwa shangazi, kadi ya kliniki haionekani, na mama ukimuuliza umri anakuangalia kama umemwomba nauli. Kanuni ya kukisia kilo kwa umri ipo, na utepe wa kupimia urefu upo, ila utepe hupotea na umri watu huusahau. Inabaki jicho lako na mkono wako.

"Dozi ya mtoto inaanzia kwenye kilo," alimwambia. "Ukikosea kilo, hesabu nzuri yote utakayoifanya baada ya hapo inamfuata mtoto ambaye hayupo."

Akampa sapu, mtihani wa kurudia. Baada ya likizo atanyanyua mwanasesere aliyejazwa mchanga, ataje uzito, halafu ampe dawa za dharura kwa uzito huohuo. Akikosea ni disko, na disko ya chuo kile haikuwa na muziki. Ilikuwa na begi lako nje ya geti.

*

Kwao ni Mwembesongo, nyumba ya vyumba viwili na baraza. Mama yake, Felista, alikuwa mnunuzi wa viungo. Kila wiki alipanda milimani Matombo kununua karafuu na pilipili manga kwa wakulima, akashuka nazo mjini kuwauzia wenye maduka. Baba yake, Mikaeli, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari mpaka mgongo ulipokataa, na sasa kazi yake ilikuwa kukaa barazani akieleza namna kazi za wenzake zinavyotakiwa kufanywa. Ada ya Winfrida ilitoka Matombo. Hilo lilijulikana nyumba nzima na halikusemwa, kama ukuta usivyosemwa kwamba ndio unaoshika bati.

Winfrida alirudi na habari ya sapu, akaisema wakati wa kula ili kila mtu awe na kitu mdomoni. Mikaeli aliuliza huyo mwanasesere ana thamani gani, chuo kisije kikawadai. Felista aliuliza tu kama kuna la kufanya.

La kufanya lilikuwa kuzoesha jicho. Na pale barazani, kwenye boriti, ilining'inia mizani ya mama, ile ya duara yenye mshale kama saa, yenye ndoano chini ya kutundikia gunia. Kliniki hupimia watoto kwa mizani ya namna hiyohiyo. Winfrida alichukua khanga kuukuu, akashona kikaptula cha kamba kama kile cha kliniki, akaanza kuwaita watoto wa mtaani. Anamnyanyua mtoto, anafumba macho, anataja kilo. Kisha anamtundika na kusoma mshale. Halafu, mtoto akiwa bado anabembea, anataja dozi: ya degedege kiasi hiki, ya malaria kali kiasi hiki, maji ya sukari kiasi hiki. Watoto walipenda. Kuna waliorudi mara mbili kwa majina tofauti.

Siku ya kwanza Felista aliporudi kutoka sokoni na kukuta mtoto kwenye ndoano yake, alisimama na ndoo kichwani mpaka shingo ikamkumbusha kuitua.

"Umemtundika mtoto wa watu kwenye mizani ya karafuu?" aliuliza.

"Kilo ni kilo, mama," alisema Winfrida.

Felista akaingia ndani.

Ile mizani haikusoma kilo za watu wote. Ilikuwa na springi ngumu kuliko ya kwake ya asili. Gunia la kilo kumi na mbili likitundikwa, mshale ulifika kumi na kutulia pale bila haya. Springi ile ilitoka kwenye mashine chakavu ya kiwandani na aliyeifunga alikuwa Mikaeli, mwaka Winfrida alipoingia kidato cha kwanza. Ilikuwa kazi safi. Fundi yule hakuwahi kufanya nyingine safi kama hiyo, na ndiyo peke yake ambayo hakuwahi kumsimulia mtu.

Usidhani kwamba Matombo hawakuwa na lao. Kule juu pilipili manga ilikuwa ikinyunyiziwa maji kidogo alfajiri, na katikati ya gunia la karafuu hukosi vikonyo na kijiwe kimoja viwili vilivyopotea njia. Mizani ilikula, magunia yalitoka jasho, na watu wakaulizana hali za nyumbani na kuachana salama. Biashara ilikwenda hivyo miaka yote. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja kitatundikwa pale kitu kisichotiwa maji.

*

Wiki ya pili Winfrida alikuwa hodari. Alimnyanyua mtoto, akataja, na mshale ukamfuata kama uliagizwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kanuni ya darasani, ya kukisia kilo kwa umri, haikukubaliana na mtaa wake. Kila mtoto alikuwa pungufu. Mwisho akajipa jibu, akamweleza baba yake kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu: kanuni ile imetungwa kwa watoto wa mbali wanaokunywa maziwa. Watoto wa Mwembesongo ni wepesi. Mtu akitumia kanuni ya kitabu huku kwetu atawazidishia dawa.

Mikaeli alikohoa mpaka akaletewa maji.

Tatizo likaja na miguu yake. Jirani yao Shamimu aliingia uani jioni, mtoto wake Mwanvita ubavuni, uso kaukunja. Winfrida alikuwa amemwambia, kwa nia njema kabisa na mbele ya wanawake wa bombani, kwamba Mwanvita yuko chini ya mstari wa kadi, aanzishiwe uji wa lishe kabla hali haijawa mbaya. Wanawake wa bombani hawakuhitaji zaidi ya hapo. Kufika alasiri mtaa ulishajua kwamba Shamimu anakula peke yake.

"Shikamoo Mama Winfrida," alisema Shamimu, maana adabu hata kwenye ugomvi inatangulia. "Mwanangu juzi kliniki alikuwa kilo kumi na mbili. Leo kwenu kumi. Nimekuja kuuliza, hizo mbili zimedondokea wapi, kati ya kliniki na baraza lako?"

Felista aliitikia marahaba. Akamwangalia Mwanvita, mtoto mnene mwenye mikunjo mikononi kama kafungwa uzi, kisha akasema kwamba mizani za kliniki zimechoka. Zinatundikwa watoto wengi. Zinalegea.

"Zinalegea kwa kunipendelea mimi," alisema Shamimu.

"Shamimu mwanangu, usiku mwema."

Shamimu akaondoka, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa upande ule wa mtaa aliyekanyaga baraza lao. Winfrida aliumia. Alimwuliza mama yake kama alikosea kusema, na Felista akamjibu kwamba hakukosea kusema, alikosea bombani.

Wakati Winfrida akiosha vyombo na kukariri dozi zake kwa sauti, wazee walikuwa nyuma ya nyumba, wakinong'ona kama wezi wa kuku.

"Mwambie," alisema Mikaeli.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye fundi."

"Mimi nilifunga springi. Wewe ndiye uliyenunulia."

"Na ada aliyelipa ni nani, mzee Mikaeli? Mgongo wako?"

Hapo Mikaeli akageukia ukuta, maana mgongo ulikuwa nyumba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila hodi. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwanasesere ni mchanga tu. Akikosea, mchanga haufi.

"Atafukuzwa chuo," alisema Felista.

"Basi mwambie."

Hakuna aliyemwambia. Felista alijiahidi kumwambia kesho yake, na kesho ilipofika akaona heri iwe wakishatoka Matombo, maana ilikuwa msimu wa karafuu na alihitaji mtu wa kushika mfuko. Winfrida alikuwa likizo. Akaenda naye.

*

Walikopanda ni juu ya Matombo, kwenye kitongoji ambacho kenta, lile lori dogo, hufika kukiwa kukavu, na mvua ikinyesha hufika kwa kusukumwa. Felista alikuwa na kituo chake mbele ya zahanati, kwa kuwa hapo palikuwa tambarare. Alisimika miti miwili ya panda, akalaza mti wa tatu juu, akatundika mizani. Wakulima walikuwa wameshateremka na mizigo kichwani, wamekaa juu ya magunia yao. Wa kwanza alikuwa mzee Agustino, ambaye kila wiki alikuwa wa kwanza, na ambaye pilipili yake kila wiki ilikuwa na ubaridi wa ajabu ukiitia mkono.

"Mama Winfrida, huyu ndiye daktari?" aliuliza baada ya shikamoo na marahaba.

"Bado. Anasomea gari la wagonjwa."

"Gari lenyewe litapita wapi huku?" alisema Agustino, na watu wakacheka kichovu, wakiangalia ile njia.

Walikuwa wamepima mizigo michache tu Maria alipofika. Alikuwa mama kijana wa kule juu zaidi, ungo wa pilipili kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto, Elia, alikuwa na homa tangu jana, akasema, atampeleka zahanati akishauza. Alipoinama kutua ungo, mwanamke aliyekuwa nyuma yake akapiga ukelele. Macho ya Elia yalikuwa yamegeuka juu, meno yameuma, mikono na miguu inapiga ndani ya khanga.

Degedege. Neno lilipita kwenye foleni kabla mtoto hajatolewa mgongoni. Bibi mmoja akasema asipelekwe kwa sindano, mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, hilo linajulikana. Muuguzi wa zahanati, Severin, alishatoka na mfuko wake na kupiga magoti. Akamlaza Elia ubavu, akamfuta povu, akamwambia bibi atulie, hii ya kwanza haichomwi. Inapita njia ya chini.

"Njia ipi?" aliuliza bibi. Alipoelezwa, akajifunika mdomo kwa khanga na hakuzuia tena.

Severin alikuwa peke yake. Mwenzake alipanda vitongoji vya juu na huduma ya mkoba, kuchanja na kupima watoto, na mizani ya zahanati ilikwenda naye. Akamuuliza Maria kilo za mtoto. Maria hakujua. Kadi? Nyumbani. Umri? Maria alihesabu vidole akapotea. Dada yake Maria, aliyekuwa kwenye foleni, akajibu kwamba Elia ana miaka miwili, na akaanza kupanda mlima mbio kuifuata kadi.

"Miwili, tuseme kumi na mbili," alisema Severin, akivunja kichupa.

"Kaka, kanuni inazidisha," alisema Winfrida. Alikuwa na hakika. "Nimepima mtaa mzima. Watoto wetu ni wepesi. Mizani hii hapa."

Severin alimwangalia, akaangalia mizani. Kilichopimwa ni bora kuliko kilichokisiwa, ndivyo walivyofundishwa wote wawili. Akaitikia kwa kichwa. Wakamfunga Elia kwenye khanga kama mzigo wa karafuu, wakamtundika kwa kitambo kidogo tu, Winfrida akipitisha kiganja chini ya kichwa bila kukigusa. Felista ndiye aliyeshika ndoano. Alikuwa karibu na mshale kuliko mtu yeyote.

"Kumi," alisoma Winfrida.

Felista akaangalia ule mshale. Nyuma yake magunia, na juu ya magunia watu aliokuwa akinunua kwao miaka yote. Akafungua ndoano, akamteremsha mtoto.

Nusu miligramu kwa kila kilo, miligramu tano, mililita moja kamili. Winfrida alitaja, Severin akavuta, dawa ikaingia. Wakangoja. Maji ya sukari yakatayarishwa, kitambaa kikaloweshwa. Maria alikuwa amekaa chini, ameshika kiatu kimoja cha mtoto, anakigeuzageuza. Elia aliendelea kupiga. Severin aliangalia saa yake, akaangalia midomo ya mtoto, akaangalia tena saa. Kenta ya kumshusha Elia mpaka hospitali ndiyo hiyohiyo ya Felista, na dereva alishaanza kutupa mizigo chini.

Muda ulipopita, Severin alisema kwamba sasa ni ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho. Ya tatu haipo. Ukizidisha hapo mtoto anasahau kupumua. Na sindano ya malaria itakayofuata nayo ni kwa kilo hizohizo. Akamtaka Winfrida arudie hesabu, asimsaidie.

"Kilo kumi," alisema Winfrida. "Miligramu tano. Mililita moja."

"Kumi na mbili," alisema Felista.

"Mama, nimesoma mwenyewe."

"Kumi na mbili. Mizani inakula."

Hakuinua sauti. Haikuhitajika, hata wale wa mwisho wa foleni walisikia. Severin alikuwa na bomba la dawa mkononi, hakuwa na nafasi ya kushangaa. Akauliza inakula kiasi gani, kama anavyouliza mtoto ametapika mara ngapi.

"Ikisoma kumi ni kumi na mbili. Ndivyo ilivyofungwa."

Winfrida alimtazama mama yake. Kisha akarudi kwa mtoto, maana ndiye aliyekuwa na haraka. "Miligramu sita," alisema. "Mililita moja na alama mbili."

Severin akavuta mpaka kwenye alama ya pili.

Haikuwa ghafla. Kwanza mguu mmoja ulitulia, halafu mkono, halafu meno yakaachia, na Elia akavuta pumzi ndefu yenye kamasi na kuanza kulia kinyonge, kilio kibaya ambacho hakuna aliyekichukia. Severin alikaa chini, akampima damu, akachanganya sindano ya malaria na kumpa kwa kilo kumi na mbili. Bibi wa degedege alisema huyo sasa achomwe tu, maadamu degedege limeshuka.

Baadaye, akinawa mikono, Severin alimwambia Winfrida kitu ambacho Felista alikisikia pia. Tofauti ilikuwa ya matone. Huenda dozi ya kwanza ingefanya kazi yenyewe kama wangengoja kidogo zaidi. Huenda. Hakuna atakayejua.

Kwa hiyo huenda Felista alijivua nguo barabarani kwa matone mawili yasiyohitajika. Alilifikiria hilo akiwa amesimama karibu na ile mizani, ambayo ilikuwa inabembea tupu.

*

Dada yake Maria aliteremka na kadi wakati Elia ameshalala zahanati. Kadi ikapita mkono kwa mkono kwenye foleni kama picha ya harusi. Mwezi uliopita, kilo kumi na mbili na kidogo. Hata wasiojua kusoma waliishika na kuiangalia sana.

Agustino ndiye aliyesogea. Alibeba gunia lake akaliweka miguuni pa Felista, akasimama akilitazama.

"Kila kumi, mbili," alisema.

"Kila kumi, mbili," alisema Felista.

"Tangu lini?"

"Huyu alipoingia kidato cha kwanza." Akamwonyesha Winfrida kwa kidevu. Winfrida alikuwa ameinama, anafunga mdomo wa gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Watu walianza kusema, si kwa kelele, kila mtu na la kwake. Mmoja alisema apelekwe kwa mtendaji. Mwingine akauliza mzigo ataurudisha nani mlimani, na kwa kichwa cha nani. Hilo ndilo lililowatuliza. Hakuna mnunuzi mwingine aliyefika kule juu, na hakuna aliyekuwa na shingo ya kupanda na gunia alilolishusha.

"Basi leo utaongeza," alisema Agustino. "Kila gunia. Ikisoma kumi, unaandika kumi na mbili."

"Nitaongeza."

"Anza na langu."

Felista akalitundika. Halafu, kwa mazoea tu, akatia mkono ndani ya gunia na kuutoa. Ulikuwa na unyevu. Akaufuta kwenye khanga polepole, Agustino akiangalia, foleni ikiangalia.

"Mzee Agustino."

"Naam."

"Na haya maji niyapunguze wapi?"

Agustino alikuna shingo. Akasema ni umande. Mtu wa nyuma akasema umande wa kwa Agustino unachotwa kwa kopo, na watu wakacheka kidogo, wale waliokuwa na nguvu. Wakakubaliana kwamba kwake aongeze moja na nusu. Wengine wawili watatu walivuta magunia yao pembeni, wakasema wanayaanika kwanza.

Kenta iliteremka na Maria na Elia mbele, kwenda hospitali kuangaliwa vizuri, na Felista na bintiye nyuma juu ya mzigo mdogo kuliko wa wiki yoyote. Njia ilikuwa mbaya na ilisaidia, maana mtu hawezi kuongea huku akijiuma ulimi. Walipofika penye lami Winfrida alisema bila kumwangalia mama yake.

"Kwa hiyo Mwanvita hana utapiamlo."

"Mwanvita ana afya kuliko wewe."

"Na mimi nikajifunza kwa mizani hiyo."

"Ndiyo."

"Uliniona kila siku, mama."

"Nilikuona."

Taa za mjini zikaonekana. Hapo Winfrida akauliza kama sketi alizovaa sekondari nazo zilitoka kwenye mizani ile, na daftari, na kitanda cha hosteli. Felista akasema vyote, na hiki kikoti cheupe cha chuo pia. Winfrida alikuwa amekivaa kwa ajili ya baridi ya mlimani. Hakukivua. Kulikuwa na upepo.

*

Mikaeli hakuulizwa. Aliposikia, alileta kiti, akapanda, akashusha mizani na kuifungua, na ile springi ya kiwandani akaitoa kwa koleo kama jino. Ilimchukua jioni nzima kwa sababu ya mgongo, na safari hii hakumweleza mtu namna inavyofanywa. Felista alivuka kwenda kwa Shamimu na mkate wa kumimina. Alikaa huko kidogo sana. Alichosema hakikusikika barazani, lakini Shamimu alikipeleka bombani mwenyewe asubuhi yake, na hapo Felista akawa mtu wa kuchota maji watu wakiwa wameshaondoka.

Sapu ilikuwa imekaribia mno kuzoesha mkono upya. Mwanasesere wa mchanga alilazwa mezani, mzito, hana uso. Winfrida alimnyanyua, akafumba macho, na mkono wake ukamwambia kumi na moja kwa hakika ileile ya barazani. Akafumbua macho. Akasimama midomo ikicheza.

"Unasita nini?" aliuliza mwalimu Evance.

"Nabadilisha, mwalimu."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka za kwetu," alisema Winfrida. "Kumi na tatu."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akaangalia karatasi yake, akamwambia aendelee. Alizimua dawa ya moyo mbele yake, akihesabu maji kwa sauti mpaka mwalimu akamwambia basi, yametosha. Mwanasesere akaishi. Alipoulizwa mlangoni amejifunza kukisia kwa nani, Winfrida alisema kwa mama yake. Mwalimu akaichukulia kuwa ni sifa.

Felista anapanda Matombo hadi leo, kwa faida nyembamba. Mizani ni nzima. Yeye anajua ni nzima, Mikaeli anajua, ila kule juu hakuna anayejua mpaka aone. Ndiyo maana wameweka utaratibu wao. Kabla ya gunia lolote, anatundikwa Elia. Maria anamvalisha kikaptula cha khanga, kile alichoshona Winfrida, Agustino anashika kadi ya kliniki ingawa miwani hana, na Severin anaitwa kuja kusoma. Mshale na kadi vikipatana, ndipo biashara inaanza. Elia hulipwa biskuti na Felista. Amenenepa, na anadhani mizani ni yake.

Wiki iliyopita Maria alichelewa. Felista alisubiri, akaangalia jua, akamwambia Agustino waanze tu, mizani ni ileile ya juma lililopita. Agustino akasema hana haraka. Akalikalia gunia lake, ambalo siku hizi ni kavu, na nyuma yake foleni nzima ikakalia magunia. Felista akabaki amesimama na ndoano mkononi. Halafu miguu ikamuuma, akageuza debe akakaa naye. Basi wakangoja wote, mnunuzi na wauzaji, macho kwenye njia ya juu, kilo kumi na mbili na nusu ziteremke mlimani kwa miguu yake mwenyewe.